Shangazi, nimeletewa unga wa ashwaganda unitulize moyo. Ninywe?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 41, mama wa watoto wanne, naishi Kibirizi hapa Kigoma. Kazi yangu ni dagaa. Nanunua mbichi alfajiri vipe, vyombo vya wavuvi wa dagaa, vinaporudi, naanika, zikikauka nafunga magunia na kupakia kwenda Dar. Kazi hii imenisomeshea watoto.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, sikumlaumu mtu. Tulielezwa samaki wapumzike wazaliane, nikaelewa. Lakini miezi ile mitatu mtaji wote tuliula. Ziwa lilipofunguliwa sikuwa na hela ya ndoo ya kwanza. Nikakopa kikoba, hakikutosha, nikaenda kwa wale wa kausha damu nikachukua laki nane. Baba watoto hajui mpaka leo. Marejesho ni kila wiki, na wiki nikikosa wanaongeza juu yake. Nimeshalipa zaidi ya nilichokopa na deni bado lipo. Kijana wao wa kukusanya akija anakaa mlangoni kwangu, haongei, anachezea simu tu, na majirani wote wanajua amefuata nini.

Sasa hali yangu. Tangu Ramadhani iliyopita usingizi umeniruka. Nimezoea kuamka saa tisa usiku kwenda mwaloni, ila sasa hata siku za mbalamwezi, vipe havitoki, saa tisa macho yangu yako wazi. Moyo unadunda kama nakimbizwa. Mikono inatetemeka mpaka mizani naisoma mara mbili. Nasikia joto wakati wenzangu wanajifunika khanga. Magauni yananipwaya ingawa ugali nakula vizuri, pengine kuliko zamani. Watu wanasema ni mawazo yananimaliza, nami naona ndiyo. Mchana nasukuma kwa kahawa ya Kalinzi, vikombe vitano au sita, nisije nikalala kwenye kichanja. Nina presha pia, huu mwaka wa tatu nameza vidonge kila asubuhi.

Mwenzetu mmoja wa kikoba ameleta unga kutoka Dar, anasema kaununua kwenye duka la Wahindi. Anauita ashwaganda. Umefungwa kwenye nailoni, robo kilo elfu ishirini. Anasema ni dawa ya Wahindi ya tangu enzi na enzi, kijiko cha chai kwenye maziwa ya moto kila usiku, haina kemikali kwa hiyo haina madhara, na nikiizoea nitaachana hata na vidonge vya presha. Yeye ametumia na analala fofofo. Binti yangu wa kwanza ana mimba ya miezi minne, naye usingizi hana, ameniomba tugawane.

Zahanati nilikwenda mara moja. Wakanipima malaria, hawakuiona, wakanipa panadol, nikaona nimepoteza siku. Unga nimeshaununua ila sijaufungua. Niambie ukweli Shangazi.

Mama Dagaa, Kibirizi

*

Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kufungua.

Nianze na binti yako maana lake halisubiri. Asiuguse unga huo, hata nusu kijiko. Ashwaganda hapewi mwenye mimba. Kuna hofu ya kweli kwamba inaweza kuharibu mimba, na Denmark ilipoipiga marufuku mwaka 2023 hilo lilikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na jinsi inavyogusa homoni za mwili. Anayenyonyesha naye aiache. Usingizi unaomsumbua akaueleze kliniki, wamtazame na wingi wa damu wakati huohuo. Mwambie leo, usingoje kesho.

Sasa unga wenyewe. Siwezi kukwambia umeuziwa uongo mtupu, kwa sababu si kweli. Ashwaganda ni mzizi wa mmea mdogo wa sehemu kavu, unaolimwa India katika majimbo kama Rajasthan na Madhya Pradesh, na hata kwetu Afrika Mashariki unaota wenyewe porini. Tunda lake ni dogo, jekundu, limejifungia ndani ya ganda jembamba kama karatasi. Jina ni la Kisanskriti, maana yake harufu ya farasi, kwa vile mzizi mbichi unavyonuka. Waganga wa Ayurveda, ambayo ndiyo tiba ya jadi ya India, tangu zamani huusaga wakaunywesha kwa maziwa, samli au asali kwa mtu aliyeishiwa nguvu na asiyelala.

Na umepimwa pia kwa njia za kisasa. Mwaka 2012 watafiti wa India walichapisha utafiti wa watu 64 waliokuwa na msongo wa muda mrefu. Wengine walipewa vidonge vya dondoo la mzizi huo, yaani nguvu yake iliyokamuliwa, miligramu 300 mara mbili kwa siku, wengine vidonge vitupu vinavyofanana navyo. Baada ya siku 60 waliopata mzizi walikuwa wametulia zaidi ya wenzao, na ile homoni ambayo mwili huimwaga tukiwa na hofu, kotisoli, ilikuwa imeshuka kwenye damu yao. Tafiti nyingine ndogondogo zimefuata, na nyingi zimeelekea hukohuko. Kwa hiyo mwenzako wa kikoba anayelala fofofo simwiti mwongo.

Ila wale walikuwa wanameza dondoo lililopimwa kiwandani, kila kidonge kikijulikana kina nini. Kijiko cha unga wa kwenye nailoni ni kitu kingine. Tafiti hizo zenyewe nyingi zimeishia wiki 8 hadi 12, na kwa kawaida huwaacha nje watu wenye maradhi mengine na wanaomeza dawa nyingine. Yaani mtu kama wewe hakuwemo.

Hilo la “haina kemikali” linaniudhi kila ninapolisikia, na nimelisikia miaka yote niliyokuwa muuguzi. Ashwaganda ni ya ukoo mmoja na nyanya, ngogwe na mnavu tunazopika. Ni ya ukoo mmoja pia na tumbaku. Kinachomtuliza mtu kwenye mzizi ule ni kemikali zilizomo, na zisingekuwemo usingefanya kazi yoyote. Kitu chenye nguvu ya kuubadili mwili upande mmoja kina nguvu ya kuubadili upande mwingine. Wengine huwaharisha, wengine huwatia kichefuchefu au kuwafanya wasinzie mchana. Na wachache, ni wachache lakini wapo, waliripotiwa na madaktari wa Iceland na Marekani mwaka 2020, ini liliathirika mpaka macho yakawa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi na mwili ukawasha. Yeyote katika kikoba chenu anayetumia unga huo, mwenzako akiwemo, akiona dalili hizo aache siku hiyohiyo na aende hospitali.

Kuna na suala la mfuko. Hauna lebo, hauna jina la aliyetengeneza, hauna tarehe. Mwaka 2004 yalichapishwa majibu ya watafiti wa Boston, Marekani, waliozunguka madukani wakanunua dawa 70 za Ayurveda za aina mbalimbali wakazipima, na 14 kati yake zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Hazikuwa za ashwaganda peke yake, na sisemi wako una sumu. Nasema kwa macho wala kwa ulimi huwezi kujua, wala aliyekuuzia hawezi. Dawa ya asili inayouzwa hapa nchini kihalali ina usajili, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala liko kwa kazi hiyo. Muulize mwenzako akuoneshe kopo ulimotoka unga huo. Sidhani kama analo.

Lakini mwanangu, hata ungekuwa safi kama maji ya chemchemi, kwako wewe ningesema usinywe kwa sasa. Nikueleze kwa nini, na hapa nakuomba usome polepole.

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza niliona deni. Nilipoirudia niliona magauni.

Mtu anayeliwa na mawazo mara nyingi chakula humpita. Wewe unakula vizuri, zaidi ya zamani, na bado unapungua. Unasikia joto wenzako wakisikia baridi. Mikono inatetemeka mpaka kwenye mizani, na moyo unakwenda mbio hata ukiwa umelala. Hayo yote yanaweza kuletwa na hofu, sikatai. Yanaweza pia kuletwa na tezi ya shingoni, ile ambayo ikivimba tunaiita rovu na madaktari wanaiita thairoidi. Tezi hiyo ndiyo inayopanga mwendo wa mwili. Ikizidisha homoni yake, mwili mzima unakimbia: moyo unadunda, chakula kinaungua upesi, usingizi unatoka, mtu anakuwa mwepesi wa kulia na wa kugomba, hata siku za mwezi zinabadilika na choo kinakuwa cha mara kwa mara. Nimewaona wanawake waliozungushwa miezi na miezi wakiambiwa wana mawazo, wengine wakiambiwa wamerogwa, na ilikuwa tezi. Inawapata wanawake zaidi ya wanaume.

Na ashwaganda ina tabia ya kuipandisha homoni ya tezi hiyo. Wapo watu waliougua kwa njia hiyo, moyo mbio na mwili kukonda, baada ya kuitumia. Kama tezi yako ndiyo yenye shida, unga ulionunuliwa kukutuliza moyo utauchochea, na wewe utadhani dozi ni ndogo, utaongeza kijiko.

Sisemi ndio ugonjwa wako. Sijakuona, sijakugusa shingo. Nasema dalili hizo zikikutana kwa mtu mmoja, kipimo cha damu cha tezi hakirukwi. Jumatatu nenda Maweni, hospitali ya mkoa, usirudi pale walipokupa panadol. Sehemu kubwa ya kosa la siku ile ni haraka: pengine ulisema tu huna usingizi na mwili hauna nguvu, wakafikiria malaria kama tunavyofikiria wote. Safari hii useme kila kitu kama ulivyoniandikia mimi. Sema: nakula na ninapungua, nasikia joto, mikono inatetemeka, moyo unadunda, naomba nipimwe tezi. Kama kipimo hakipo siku hiyo, uliza kinapatikana wapi na sampuli inapelekwaje. Kabla ya kwenda, kaa kimya dakika tano, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa dakika moja nzima. Andika namba. Fanya hivyo siku tatu, asubuhi na jioni, kabla ya kahawa. Ukikuta inapita 100 na umekaa tu, hilo daktari atalitaka. Lakini siku yoyote utakayobanwa kifua, kukata pumzi au kuzimia, usihesabu chochote, upelekwe.

Vidonge vya presha usiache. Mwenzako alikosea sana kukwambia hivyo, na ningependa umwambie kwa upole asimwambie mwingine. Ashwaganda inaweza kuishusha presha, na ukiiweka juu ya vidonge unaweza kushuka kupita kiasi ukaanguka pale mwaloni na ndoo kichwani. Ukiacha vidonge ukategemea unga, inaweza kupanda kimyakimya mpaka ikupige kiharusi. Wenye sukari wanaomeza dawa, wenye dawa za kifafa, wanaotumia vidonge vya usingizi na wenye dawa za tezi, nao wasiichanganye bila daktari kujua. Nalitaja kwa sababu najua mifuko hiyo haikuishia kwako.

Kahawa ipunguze, mwanangu. Najua ya Kalinzi ilivyo tamu na najua saa tisa usiku ilivyo. Lakini vikombe sita kwa mtu ambaye moyo wake tayari unakimbia ni kuni juu ya moto. Usiikate siku moja, kichwa kitakuuma. Shuka kwa kikombe kimoja kila siku mbili, ubaki na viwili, na baada ya saa sita mchana usinywe tena. Siku za giza ambazo huna budi kuamka saa tisa, ukishaanika rudi ulale kwa muda wa saa moja na nusu, binti au mtoto mwingine alinde kichanja. Usingizi wako umekatwa na kazi miaka mingi kabla deni halijaukata.

Moyo ukikushika usiku, usilale ukiusikiliza. Keti, vuta pumzi kwa puani ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu kwa mdomo ukihesabu mpaka sita au saba. Rudia dakika tano. Ni jambo dogo na linasaidia, na halina bei.

Kuna swali hukuniandikia ila nakuuliza. Yapo mawazo ya kwamba ingekuwa afadhali usiwepo? Ukikaa pale kando ya maji, yanakujia? Kama yapo, usisubiri Jumatatu, wala usikae peke yako. Mwambie mtu mmoja leo na aende nawe hospitali. Si aibu, na huko hushughulikiwa kama ugonjwa mwingine wowote.

Tuje kwenye laki nane, maana hata tezi ikipona yule kijana bado atakuja kukaa mlangoni.

Mwambie baba watoto. Najua hapo utaweka barua chini. Lakini siri hii inakula zaidi ya riba. Unaamka saa tisa ukiwa na deni na ukiwa na mtu pembeni yako ambaye lazima asijue, na hiyo ni mizigo miwili. Chagua wakati ametulia, ameshakula, watoto hawapo. Anza na ziwa lilipofungwa, maana hilo aliliona mwenyewe. Mpe hesabu kwenye karatasi: nilichukua kiasi hiki, nimelipa kiasi hiki, wanadai kiasi hiki. Kama unaogopa hasira zake, awepo mkubwa anayemheshimu, shangazi yake au shehe wenu.

Karatasi hiyohiyo itakufaa kwingine. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kwa biashara lazima awe na leseni, akupe mkataba na akueleze riba kabla hujasaini. Waombe mkataba wako na waulize leseni yao. Wengi wa kausha damu hawana, na ukiuliza kwa utulivu mbele ya mwenyekiti wa mtaa mazungumzo hubadilika. Usikope kwingine kulipa hapo. Waambie viongozi wa kikoba kilichokukopesha, waombe marejesho yako yasogezwe. Wenzako nao walifungiwa ziwa, hawatakushangaa. Kisha muone afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake na haina riba. Inachukua muda na inataka kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo si ya kulipia deni la wiki ijayo. Ni ya mtaji, ili msimu mwingine ziwa likifungwa usirudi mlango ule.

Ikiwa majibu ya tezi yatakuwa mazuri, ini zima, na daktari anayekupa vidonge vya presha akakubali, hapo swali la ashwaganda linaweza kurudi mezani: iliyosajiliwa, yenye lebo, dozi ndogo, kwa wiki chache, ukiangaliwa presha. Sitakukataza hapo. Ila kama hofu yenyewe ndiyo itakayoonekana kuwa ugonjwa, iko matibabu yake hospitali, ya mazungumzo na ya vidonge, uliza kitengo cha afya ya akili palepale Maweni.

Mfuko usiutupe bado wala usimrudishie. Nenda nao Jumatatu pamoja na vidonge vyako vya presha na ile karatasi ya mapigo ya moyo, daktari auone. Majibu ya damu yakitoka niandikie, hata mistari miwili, na unieleze binti anaendeleaje.

Shangazi